Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Swali la Dola: Mtazamo Kutoka Bara

 

Miongoni mwa maulamaa wa Afrika Mashariki wanaotajwa sana na kusomwa kidogo ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, Allah amrehemu. Kila kundi linamvutia upande wake. Vijana wanaohimiza mageuzi humtaja kuwa ni babu yao aliyepiga vita bid'a. Wanaosoma maulidi na kuhudhuria hitima humwona ni mtu aliyeleta mawazo ya Misri pwani yetu. Wako pia wanaomtaja mimbarini kama mtu aliyesimama dhidi ya Mwingereza. Katika makala hii tunataka kumtazama kwa upande mmoja ambao haujadiliwi sana, nao ni rai yake kuhusu utawala na jamii. Tunasema mapema kwamba kwa maoni yetu Sheikh alikuwa mrekebishaji katika dini na muhafidhina katika siasa, na kwamba mambo haya mawili hayakupingana ndani yake. Kisha tutauliza: je, rai hiyo inatutosha sisi Waislamu wa bara, ambao historia yetu si ya maliwali wala ya masultani?

Maisha yake kwa ufupi

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891 katika ukoo wa Mazrui, ukoo uliotawala mji huo kwa karibu miaka mia moja. Wazee wake walikuja kutoka Oman kama maliwali wa Mayaarubi. Mayaarubi walipoanguka na Albusaidi kushika nchi, Mazrui walikataa kuwatii, wakajitawala wenyewe. Mwaka 1824 walitafuta hifadhi ya Waingereza kupitia manahodha wa kikosi cha Owen, na hifadhi hiyo ikavunjika mwaka 1826. Mwaka 1837 Sayyid Said bin Sultan akaupata mji baada ya Mazrui kugawanyika wao kwa wao, akawakamata wakubwa wao na kuwapeleka Bandar Abbas.

Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Imam Shafi. Alifungwa gerezani na Sayyid Barghash kwa sababu ya mahubiri yake, akaachiwa Sayyid Khalifa aliposhika utawala mwaka 1888. Alifariki mwaka 1894, mwanawe akiwa bado mtoto mdogo. Mwaka uliofuata Mwingereza alitangaza himaya yake katika nchi hizo, na jamaa yao Mbaruk bin Rashid akainuka kwa silaha, akashindwa, akakimbilia upande wa Wajerumani mwaka 1896. Basi mtoto huyu alikulia katika nyumba iliyojua vizuri ladha ya utawala na uchungu wa kuupoteza, na iliyoona kwa macho yake kwamba bunduki haikuurudisha.

Alilelewa na kusomeshwa na Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, kisha akasoma Unguja kwa masheikh wawili wakubwa wa zama zile, Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, ambao wote walifariki mwaka 1925. Akasoma pia kwa macho yake gazeti la Al-Manar la Sayyid Rashid Rida wa Misri, na maandishi ya Sheikh Muhammad Abduh na Jamaluddin al-Afghani. Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi ndogo iitwayo As-Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islahi. Mwaka huo huo wa 1932 alipewa ukadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Makala zake zilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi kilichotoka mwaka 1944. Aliandika pia kwa Kiarabu tarehe ya Mazrui, ambayo ilipata tarjuma ya Kiingereza iliyochapwa mwaka 1995. Alifariki mwaka 1947.

Muhafidhina kwa maana gani?

Neno muhafidhina halimaanishi mtu asiyetaka kubadilika. Linatokana na kuhifadhi. Muhafidhina katika siasa ni mtu anayeamini kwamba jamii hujengwa kwa muda mrefu na hubomoka kwa muda mfupi; kwamba ada, familia, elimu na heshima ya wakubwa ni kuta za nyumba; na kwamba anayetaka kutengeneza nyumba hazivunji kuta ili kuona kilicho ndani. Katika maulamaa wetu wa zamani, Imam al-Mawardi (364–450 H) ni mfano mzuri. Aliishi Baghdad wakati khalifa amebaki na jina na majemadari wa Buwayhi wana upanga. Katika Al-Ahkam as-Sultaniyya hakuwataka watu wainuke. Alitafuta njia ya kisharia ya kumkubali amiri aliyeshika nchi kwa nguvu, kwa sharti kwamba aitambue khilafa na azilinde hukumu za dini. Kwake yeye, kuwapo kwa utaratibu wenye kasoro kulikuwa bora kuliko kukosekana kwa utaratibu wowote.

Mantiki hiyo hiyo tunaiona kwa Sheikh Al-Amin. Anapouliza kwa nini Waislamu wa pwani wameanguka, haanzi na Mwingereza. Anaanza na Waislamu wenyewe: ujinga, uvivu, israfu katika harusi na matanga, ugomvi wa koo, na kuiacha lugha ya Qur'ani. Msingi wake ni maana ya aya ya 11 ya Sura ar-Ra'd, kwamba Allah habadilishi hali ya watu mpaka wabadilishe yaliyomo nafsini mwao. Aliyesoma tarehe yake ya Mazrui anajua ilikotoka hoja hii. Katika tarehe ile Mombasa haianguki kwa sababu adui ana merikebu nyingi. Inaanguka kwa sababu ndugu wamefarakana. Mwanahistoria na mwandishi wa gazeti ni mtu mmoja, na darsa ni moja.

Jambo la pili ni rai yake kuhusu kuwaiga Wazungu. Sheikh hakukataa kila kitokacho Ulaya. Aliwasifu kwa bidii, kwa umoja, kwa kupenda nchi zao na kwa kutafuta elimu, akawahimiza Waislamu wachukue hayo. Alichokikataa ni kuchukua mavazi, pombe na starehe na kuacha elimu na kazi. Hapa anatofautiana na wale waliokataa shule kabisa kwa hofu, na pia na wale walioona kwamba mtu hastaarabiki mpaka afanane na mtawala wake. Tunaona kuwa hii ndiyo sehemu bora ya kitabu cha Uwongozi, na haijachakaa. Badilisha jina la kitu kinachoigwa, makala inabaki na nguvu yake.

Jambo la tatu ni chombo alichotumia. Khilafa ilifutwa mwaka 1924. Huko Misri Sheikh Ali Abdel Raziq alitoa kitabu mwaka 1925 akidai Uislamu haukuweka mfumo maalumu wa utawala, na Rashid Rida akawa miongoni mwa waliompinga vikali. Dunia nzima ya Kiislamu ilikuwa ikibishana juu ya dola. Sheikh Al-Amin alilifuatilia Al-Manar, lakini alipoandika hapa kwetu hakuwaita watu wa Mombasa kusimamisha khalifa. Aliwafundisha kwa Kiswahili watoe zaka, wasomeshe watoto wao, waume kwa wake, na waache kukopa kwa ajili ya ngoma. Dola aliiweka mbali, jamii akaiweka karibu.

Hoja ya kukubali ukadhi

Wako wanaouliza: vipi mwanachuoni wa daraja ile akubali kiti cha ukadhi chini ya serikali ya kikafiri? Swali hili si geni katika fiqhi yetu. Imam Izzuddin bin Abdissalam (aliyefariki 660 H), katika Qawaid al-Ahkam, alilitazama suala la makafiri kuteka nchi kubwa ya Waislamu kisha wakampa ukadhi mtu anayesimamia maslahi ya Waislamu. Rai aliyoiona kuwa ndiyo yenye nguvu ni kwamba hukumu za kadhi huyo zinapita, kwa sababu rehema ya sharia haielekei kuwaacha watu wote wapotelewe na maslahi yao kwa kukosa mtu kamili wa kumteua kadhi. Nikaha, talaka, mirathi na mali za mayatima haziwezi kusubiri mpaka dola irudi.

Kwa hiyo kumlaumu Sheikh kwa kukubali ukadhi ni kuilaumu rai yenye asili imara ndani ya madhehebu ya Shafi. Na matunda yake yanaonekana. Mahakama za Kadhi za Kenya zilidumu. Zililindwa katika makubaliano ya mwaka 1963, ukanda wa pwani ulipounganishwa na Kenya huru, na katiba ya mwaka 2010 ikazitambua katika ibara ya 170. Kiti hicho wamekikalia baada yake watu wa shule yake, akiwemo Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, na kisha mwanafunzi wake Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mwenye tafsiri ya Qurani Takatifu iliyotoka mwaka 1969.

Lakini kiti kina bei yake, na mhakiki mwadilifu lazima aitaje. Kadhi anayelipwa na serikali hawi huru kama mwandishi wa karatasi ya wiki. Al-Islahi halikudumu muda mrefu, na sauti kali ya miaka ya 1930 hadi 1932 hatuisikii tena kwa namna ile. Mwenye kuhifadhi hulazimika kunyamaza mahali fulani ili abakie mahali pengine. Tunadhani Sheikh alipata zaidi ya alichopoteza. Hata hivyo wanaomfuata wasijifanye kwamba hakuna kilichopotea.

Panapopungua

Sasa tufike kwenye lililotufanya tuandike. Sheikh Al-Amin anaandika kama mtu aliyeanguka kutoka juu. Huzuni yake ni ya watu waliokuwa na ngome, maliwali na mashamba, kisha wakavuliwa. Neno "sisi" katika Uwongozi mara nyingi ni Waarabu na Waswahili wa pwani. Kipimo chake cha izza ni cha watu waliowahi kutawala.

Sisi huku Mvumi hatuna anguko la namna hiyo la kulililia. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo, na Mvumi ilikuwa kituo kinachojulikana. Stanley aliitaja katika habari za safari yake ya mwaka 1871. Wafanyabiashara Waislamu waliopita hapa hawakuja na dola. Dola ilikuwa ya watemi wa Kigogo, na kila msafara, uwe wa Mwarabu, wa Mnyamwezi au wa Mzungu, ulilipa hongo ili upite na uchote maji. Uislamu ulifika uwanda huu ukiwa unatoa kodi, si unatoza. Ulibebwa na wachuuzi, wapagazi, na watu waliokuwa watumwa wakapata uhuru. Baadaye ukaja utawala wa Wajerumani na wa Waingereza, na misheni ya Kianglikana ikajenga hapa kanisa, shule na hospitali. Katika hali zote hizo Waislamu wa hapa walikuwa wachache wasio na mamlaka, na bado adhana haikukatika.

Jambo hili lina uzito katika nadharia. Kama izza ya Uislamu imefungamana na kumbukumbu ya utawala, basi Uislamu wa bara ni Uislamu wa daraja la pili. Sheikh hakusema hivyo, na hatumsingizii. Lakini aliyesoma makala zake tu anaweza kutoka na fikra hiyo, na tumewasikia wanaotoka nayo.

Upungufu wa pili unafungamana na wa kwanza. Sheikh alikemea bid'a za makaburini na gharama za hitima, na katika mengi alikuwa na haki. Ila bara haikufunzwa dini na watu wa Al-Manar. Ilifunzwa kwa sehemu kubwa na watu wa tarika. Sheikh Uways bin Muhammad al-Barawi, aliyeuawa mwaka 1909, alieneza Qadiriyya katika pwani yetu, na tarika hiyo ikaingia bara. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, alizaliwa Manyema, akaletwa Bagamoyo akiwa mtumwa, akapata elimu na akawa kiongozi mkubwa wa Qadiriyya mpaka alipofariki mwaka 1931. Fikirini jambo hili: miaka ile ile ambayo Al-Amin alikuwa akiandaa As-Sahifa akisikitikia heshima iliyopotea, Bagamoyo palikuwa na sheikh mwenye asili ya utumwa ambaye wenye nasaba walikaa chini yake kusoma. Je, huko nako kulikuwa kuanguka, au kulikuwa kuinuka? Na walimu wa Al-Amin mwenyewe walikuwa watu wa njia ya Alawiyya. Kuitenganisha elimu yao na nyiradi zao ni kazi ambayo sisi hatuiwezi.

Upungufu wa tatu ni ukimya juu ya watu wa chini. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, Sheikh akiwa kijana wa miaka kumi na sita. Mashamba ya koo kubwa yalikuwa yamelimwa na watu hao. Katika maelezo ya sababu za kudhoofika kwa pwani, tungetarajia suala la jinsi Waislamu walivyowatendea Waislamu wenzao lipewe mlango wake. Tarehe yake ya Mazrui kitovu chake ni maliwali, vita na mapatano. Huu ndio udhaifu wa kawaida wa wahafidhina: wanazijua vizuri kuta za nyumba, lakini hawaulizi sana nani aliyebeba mawe.

Baba na mwana

Allah alimruzuku Sheikh mtoto aliyekuja kuwa mwanasiasa wa kalamu anayejulikana dunia nzima, Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki mwaka 2014. Alikufa Marekani akazikwa Mombasa katika makaburi ya ukoo wake. Mwaka 1986 profesa huyu alieleza katika filamu na kitabu kwamba Mwafrika ana urithi wa namna tatu: wa asili ya Kiafrika, wa Uislamu na wa Magharibi. Hatukubaliani na kila alichokisema, na baadhi ya rai zake zinahitaji makala ya peke yake. Lakini hapa alimkamilisha baba yake. Baba aliziona kamba mbili zikimvuta Muislamu, ya Uislamu na ya Ulaya. Mwana aliiona ya tatu. Na kwetu sisi wa bara hiyo ya tatu ndiyo iliyo karibu zaidi na ngozi, kwa sababu kesi nyingi zinazofika kwa imamu wa kijiji si za Muislamu na Mzungu, bali za sharia na mila.

Sisi na mirathi

Chukueni mfano wa mirathi. Mwanamume Muislamu anafariki katika vijiji vyetu, anaacha mke, watoto, shamba na ng'ombe. Ndugu wa kiumeni wanasema kwa mila kwamba mali ni ya ukoo. Sharia inampa mjane thumni kama marehemu ameacha mtoto, na robo kama hakuacha, na mabinti wana fungu lao. Huku Tanzania Bara makadhi wa serikali hatunao tangu mahakama zilipounganishwa baada ya uhuru. Ipo sheria ya mwaka 1964 ya kutambua sharia ya Kiislamu, na Mahakama ya Mwanzo inaweza kuhukumu kwayo. Muswada uliogusa Mahakama ya Kadhi ulifika bungeni Dodoma mwaka 2015 ukaondolewa. Mjadala huo bado uko hai, na kila mtu ana rai yake.

Swali letu ni hili: mjane huyu afanye nini leo? Anayesema kwamba haki yake haiwezi kupatikana mpaka dola itupe kadhi amempa jibu la watu waliozoea dola. Imam al-Haramain al-Juwayni (aliyefariki 478 H) aliandika katika Al-Ghiyathi juu ya zama ambazo hakuna imamu wa kuwasimamia watu, akasema mambo hayo yanarudi kwa maulamaa, na watu wa kila upande wawarejee maulamaa wao. Hii ni fiqhi ya watu kama sisi. Haikatazi kudai haki kwa njia za kisheria, na anayedai kadhi anadai jambo jema. Inakataza kukaa tu.

Na hapa ndipo Sheikh Al-Amin anaporudi kuwa na faida, kuliko wale wanaomtumia kama bendera. Yeye alianza na karatasi, kwa lugha ya watu, juu ya mambo ya nyumbani kwao. Imamu wa kijiji asiyejua kugawa mirathi hawezi kumsaidia mjane hata akipewa joho la ukadhi. Imamu anayejua, akawaita ndugu wa marehemu mapema, akawaandikia mafungu kwa Kiswahili wanachokielewa, akashuhudisha wazee, anaweza kumaliza jambo kwa sulhu kabla halijafika mahakamani. Na likifika, mjane atakwenda na karatasi mkononi.

Hitimisho

Tunawashauri wanafunzi wasome Uwongozi, wala wasitosheke na kumsikia Sheikh Al-Amin kwenye kanda za mawaidha. Wachukue kwake mambo matatu: kuanza na kasoro zetu kabla ya kuwataja maadui, kupambanua katika kuiga, na kuandika dini kwa Kiswahili safi. Wasichukue kwake huzuni ya watu wa ngome, kwa sababu si yetu. Waislamu wa uwanda huu hawakuwahi kuwa na ngome. Walikuwa na msikiti wa udongo, mwalimu na juzuu, na kwa hayo dini ikafika kwa wajukuu. Anayehifadhi na ahifadhi hayo.

Allah amrehemu Sheikh Al-Amin, awarehemu na waliotufikishia dini kwa miguu yao kwenye njia za misafara, ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote. Wallahu a'lam.